Picha ya Kifua Uliyopigwa kwa Ajili ya Viza Haikutafuta Saratani

Karibu kila mmoja wetu aliyetoka nyumbani kuja kuishi ughaibuni ameshasimama mbele ya mashine ya eksirei, kidevu juu, mabega mbele, akaambiwa avute pumzi na kuishikilia. Anayekuja Uingereza kukaa zaidi ya miezi 6 kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anatakiwa awe na cheti cha kifua kikuu, na kwa mtu mzima cheti hicho hutanguliwa na picha ya kifua. Anayekwenda Marekani kwa viza ya uhamiaji, akiwa na miaka 15 au zaidi, hupigwa picha hiyo hiyo. Na waliokwenda Ghuba kutafuta kazi hawahitaji kuelezwa foleni ya kupima afya ilivyo.

Si ajabu basi kwamba picha ile imebaki vichwani mwetu kama hati ya usalama. Tuliipata kwa gharama na kwa wasiwasi, na bila hiyo safari isingekuwepo. Leo, miaka 10 au 20 baadaye, mtu akiulizwa habari za mapafu yake anajibu bila kufikiri: "Kifua changu safi, nilishapimwa."

Mimi ni mpiga picha, lakini si wa harusi. Ni mpiga picha wa hospitali. Kazi ya eksirei niliisomea nyumbani, na huu ni mwaka wa 11 naifanya katika hospitali moja ya Uingereza. Kwa sababu hiyo simu yangu haikosi ujumbe wa sauti kutoka kwa ndugu na jamaa, na tangu barua za kupima mapafu zilipoanza kuwafikia wazee wetu, swali kubwa limekuwa moja: kwa nini mtu ambaye eksirei yake ilikuwa safi aitwe tena kwenye skani ya CT? Si wanatusumbua tu?

Hapana, hawatusumbui. Ila jibu lake halitoshi kwenye ujumbe wa sauti, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Picha ile ilitafuta nini

Picha ya viza ilikuwa na kazi moja: kutafuta dalili za kifua kikuu kinachoweza kuambukiza wengine. Kwa kazi hiyo eksirei ni chombo kizuri. Kifua kikuu huacha alama kubwa kwenye mapafu: mawingu sehemu ya juu, matundu, makovu, maji pembeni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza eksirei kwa kutafuta kifua kikuu, na mwaka 2021 liliongeza kwamba hata programu za kompyuta zinaweza kutumika kuisoma picha kwa watu wenye miaka 15 na kuendelea.

Lakini hata kwa kifua kikuu picha ile haikuwa ya maisha. Cheti cha Uingereza kinakwisha nguvu baada ya miezi 6. Waliokitoa walijua wanathibitisha hali ya kifua chako siku ile, wala hawakutoa ahadi ya mwaka wa 20. Sisi ndio tuliokigeuza kuwa ahadi.

Saratani ya mapafu ni jambo jingine kabisa. Inapoanza ni kinundu kidogo, mara nyingi chini ya sentimita moja. Hakiumi, hakikohozeshi, hakimpunguzi mtu uzito. Huo ndio wakati ambao daktari wa upasuaji anaweza kukitoa na mtu akapona. Na huo ndio wakati ambao eksirei inashindwa kukiona.

Kivuli cha mnazi ukutani

Eksirei ni kivuli. Mionzi inapita mwilini, inazuiwa na mifupa, inazuiwa kidogo na nyama, inapita kwa urahisi kwenye hewa ya mapafu, halafu upande wa pili tunapata picha ya kile kilichozuia. Kila kilicho mbele na kila kilicho nyuma kinalazwa pamoja kwenye karatasi moja.

Fikiria kivuli cha mnazi kwenye ukuta mweupe wakati wa alasiri. Unaona shina, unaona makuti, unaweza hata kuona upepo. Lakini ukiambiwa uhesabu nazi kwenye kivuli, huwezi. Nyingine zimefichwa na makuti, nyingine zimefichwa na wenzao. Kifuani makuti yetu ni mbavu, mifupa ya mtulinga, moyo na mishipa mikubwa ya damu. Kinundu kilichojibanza nyuma ya moyo au chini ya mtulinga kinaweza kupita machoni mwa daktari hodari na asikione, maana kwenye kivuli hakipo.

Skani ya CT haipigi kivuli kimoja. Mashine inazunguka na kompyuta inaukata mwili kwa picha nyembamba nyembamba, kama boflo lililokatwa slesi. Daktari anaangalia slesi moja moja, na kinundu cha milimita 5 kikiwa ndani ya slesi hakina pa kujificha.

Hofu ya mionzi naisikia sana, hasa kwa akina mama. Eksirei moja ya kifua ni kama milisiviti 0.1. Skani ya CT inayotumika kupima watu wasio na dalili ni ya mionzi midogo, kama milisiviti 1.5. Mtu anayeishi Marekani hupata kama milisiviti 3 kila mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye mawe ya nyumba, bila kupigwa picha yoyote. Mionzi ya skani si sifuri, na ndiyo sababu hatumpigi kila mtu. Ila kwa mtu mwenye hatari kubwa ya saratani, faida yake inazidi madhara.

Miaka mingi ya kujaribu

Msidhani madaktari waliiacha eksirei kwa kupenda mashine mpya. Waliipa nafasi nyingi sana.

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii mwaka 1895. Katikati ya karne iliyopita Uingereza ilikuwa ikipeleka magari ya eksirei mitaani kuwatafuta wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1957 mji wa Glasgow ulipiga picha watu zaidi ya 700,000 kwa wiki 5 tu. Kifua kikuu kilipoanza kupungua, na saratani ya mapafu ikipanda pamoja na sigara, watu waliuliza swali la busara: kama picha imesaidia kwa ugonjwa ule, kwa nini isisaidie kwa huu?

Wakajaribu. London, miaka ya 1960, wanaume zaidi ya 55,000 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapigwa picha kila miezi 6 kwa miaka 3. Vifo vya saratani ya mapafu havikupungua kwa kiasi cha maana.

Miaka ya 1970 kliniki ya Mayo huko Marekani ikaongeza nguvu. Wanaume wavutaji zaidi ya 9,000 walishirikishwa. Kundi moja likapimwa eksirei na makohozi kila miezi 4 kwa miaka 6. Matokeo yake yanafaa kusomwa polepole. Kundi lililopimwa sana liligunduliwa saratani 206, na kundi la pili 160. Vifo je? 122 kwa waliopimwa sana, 115 kwa wenzao. Saratani zaidi ziligunduliwa, lakini watu hawakuokolewa.

Wapo waliosema jaribio lile lilikuwa dogo, na kwamba hata kundi la pili lilishauriwa kupiga picha kila mwaka. Kwa hiyo Marekani ikafanya jaribio kubwa kupita yote, linaloitwa PLCO. Watu 154,901 wenye miaka 55 hadi 74 waligawanywa nusu kwa nusu. Nusu moja iliitwa kupiga eksirei kila mwaka, hadi mara 4. Nusu nyingine iliendelea na matibabu ya kawaida. Walifuatiliwa hadi miaka 13. Matokeo yalitoka 2011: waliopigwa picha, vifo vya saratani ya mapafu 1,213, wasiopigwa, 1,230. Kwa idadi kubwa kama ile, hiyo ni sawa kwa sawa.

Mwaka huo huo wa 2011 yakatoka matokeo ya jaribio jingine, NLST. Hili liliwachukua watu 53,454 waliovuta sana, likawagawa: wengine eksirei, wengine skani ya CT ya mionzi midogo, mara moja kwa mwaka kwa miaka 3. Upande wa eksirei walikufa watu 443 kwa saratani ya mapafu. Upande wa CT walikufa 356. Hiyo ni pungufu ya asilimia 20. Mwaka 2020 Uholanzi na Ubelgiji nazo zikatoa jaribio lao, NELSON, na kwa wanaume vifo vilipungua kwa asilimia 24 ndani ya miaka 10.

Hapo mjadala wa eksirei kwa kazi hii ukafungwa.

Kugundua mapema hakutoshi

Najua kuna atakayeuliza: inawezekanaje kugundua saratani nyingi zaidi na watu wafe vilevile?

Chukua abiria wawili wa basi liendalo Dar es Salaam. Mmoja amepandia Tanga, mwingine amepandia Chalinze. Wa Tanga atakuambia amesafiri saa nyingi kuliko mwenzake, na ni kweli. Lakini wote wawili wanashuka stendi ile ile, dakika ile ile. Eksirei ilikuwa inawapandisha baadhi ya wagonjwa basi mapema: walijua mapema kidogo kwamba wana saratani, wakaishi muda mrefu zaidi wakiwa wanajua, na siku ya mwisho haikusogea.

Jambo la pili, saratani hazikui kwa kasi moja. Zile zinazokwenda polepole hukaa muda mrefu zikisubiri kupigwa picha, kwa hiyo ndizo zinazonaswa. Zile kali hujitokeza katikati, kati ya picha moja na nyingine. Ndiyo maana kwenye kupima watu wasio na dalili hatuulizi tu zimegunduliwa saratani ngapi. Tunauliza: wamekufa wangapi? Kwa swali hilo CT imejibu, eksirei imeshindwa.

Hata CT ina kasoro zake, na ni haki msomaji uzijue. Kwenye NLST, karibu robo ya skani zilionyesha kitu cha kufuatilia, na zaidi ya asilimia 95 ya vitu hivyo havikuwa saratani. Vilikuwa makovu, tezi, mabaki ya maambukizi ya zamani. Kwa watu wetu hili ni muhimu zaidi, kwa sababu wengi tumekulia mahali ambapo kifua kikuu ni ugonjwa wa mtaani, na kovu lake linaweza kufanana na kinundu. Kama uliwahi kutibiwa kifua kikuu, hata utotoni, waambie kabla ya skani. Siku hizi taratibu za kupima ukubwa wa kinundu zimeboreshwa, na kengele za uongo zimepungua sana. Lakini wiki za kusubiri bado ni ngumu, na mtu akienda kupima ajiandae nazo.

Nani anaitwa

Skani hii si ya kila mtu. Kila nchi imeweka mipaka yake, na mipaka mingi inahesabiwa kwa pakiti na miaka. Hesabu yenyewe ni rahisi: chukua idadi ya pakiti kwa siku, zidisha kwa miaka uliyovuta. Pakiti ni sigara 20. Aliyevuta pakiti moja kwa siku miaka 20 ana 20. Aliyevuta sigara 10 kwa siku kwa miaka 40 naye ana 20, ingawa mwenyewe atakuambia alikuwa "anavuta kidogo tu".

Marekani, pendekezo la mwaka 2021 ni watu wenye miaka 50 hadi 80, waliofikisha hesabu ya 20, na ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15. Wanapimwa kila mwaka. Bima nyingi zinatakiwa kulipia bila wewe kuchangia, na Medicare hulipia hadi miaka 77.

England wanaitwa watu wa miaka 55 hadi 74 waliowahi kuvuta. Kwanza unahojiwa na muuguzi, mara nyingi kwa simu, anakadiria hatari yako. Ikiwa juu ndipo unapewa skani. Mpango huu unasambazwa eneo baada ya eneo, kwa hiyo jirani wa mji mwingine anaweza kuipata barua kabla yako. Kanada, pendekezo la kitaifa la 2016 ni miaka 55 hadi 74 na hesabu ya 30. Australia ilianza mpango wake Julai 2025 kwa watu wa miaka 50 hadi 70, hesabu ya 30, wanaovuta au walioacha ndani ya miaka 10.

Kote huko chombo ni kimoja: skani ya CT ya mionzi midogo. Hakuna nchi katika hizi nne inayotumia eksirei kwa kazi hii.

Ami na lori la supamaketi

Ami yangu ana miaka 66. Alifanya kazi bandarini miaka mingi kabla ya kuja huku, na sigara aliianza huko huko. Sigara 15 kwa siku, miaka 40. Aliacha alipopata mjukuu wa kwanza. Barua ilipofika aliiweka juu ya friji, chini ya ratiba ya swala, na hapo ikakaa. Binti yake ndiye aliyenipigia.

Nikampigia. Baada ya shikamoo na habari za kila mtu mpaka wa Pongwe, nikamuuliza barua imeishia wapi.

"Mwanangu, mie eksirei nimepigwa mara tatu. Ya viza, ya kazi, na ile niliyoanguka. Zote safi. Sasa wanatafuta nini tena?"

"Ami, ile ya kuanguka walitafuta mbavu zilizovunjika."

Akacheka. "Na hii?"

"Hii wanatafuta kitu kidogo kama punje ya choroko, ambacho zile tatu zisingekiona hata kingekuwepo."

Akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa kweli tangu mwanzo: "Na wakikiona?"

Sikumdanganya. Nilimwambia wakikiona kikiwa kidogo, kuna mengi ya kufanya, na wakikiona kikiwa kikubwa, ni machache. Nikamwambia pia kwamba wanaweza kuona kitu kisicho kitu, akakaa na wasiwasi bure kwa miezi. Akaniuliza mimi ningekuwa yeye ningefanyaje. Nikasema ningekwenda.

Alikwenda. Skani yenyewe ilifanyiwa ndani ya lori lililoegeshwa kwenye maegesho ya supamaketi, jambo lililomshangaza kuliko mashine. Hakuvua kanzu wala hakuchomwa sindano. Alilala, akainua mikono, akashika pumzi sekunde chache, akatoka akanunua ndizi. Majibu yalikuja kwa barua: kinundu cha milimita 7 pafu la kulia, arudi baada ya miezi 3.

Miezi 3 ile hatukuisahau. Ami aliacha kuja kwenye kahawa ya Ijumaa. Mama mdogo alilala na simu mkononi. Aliporudi kupimwa, kinundu hakikuwa kimekua hata kidogo. Ataendelea kufuatiliwa mpaka madaktari waridhike. Hajagunduliwa saratani, na hajaambiwa hana shaka ya maisha. Yuko kwenye orodha ya watu wanaoangaliwa kwa chombo kinachoona, na kwangu mimi hilo ni bora kuliko cheti cha zamani juu ya kabati.

Aibu ya kusema "nilivuta"

Kuna kizuizi kimoja ambacho hospitali za huku hazikijui na sisi tunakijua. Barua za England zinatoka kwenye rekodi za GP. Kama siku unajiandikisha kliniki ulijaza kwamba hujawahi kuvuta, kompyuta haitakuita.

Na wangapi wetu walijaza hivyo? Mzee amekaa na binti yake anayemtafsiria, anaulizwa mbele ya mtoto kama anavuta. Atasema hapana. Mama aliyekuwa akivuta kwa siri, mume hajui, wakwe hawajui, ndiyo kabisa. Nimewaona kwa macho yangu wanawake wa makamo wakiangalia mlango kabla ya kujibu swali hilo.

Ushauri wangu kwa vijana mnaowasindikiza wazazi: swali la sigara likifika, toka nje. Sema unakwenda kujibu simu. Au omba mkalimani wa hospitali. Uingereza huduma hiyo ni bure kwa mgonjwa na haitoki kwa ndugu yako. Na kwa mzazi unayesoma hapa peke yako: unaweza kupiga simu kliniki kesho na kusema tu kwamba rekodi yako ya sigara inahitaji kusahihishwa. Hutaulizwa sababu.

Shisha nayo iongelewe. Hesabu za pakiti ziliwekwa kwa sigara, kwa hiyo mtu wa shisha anaweza kujiona hayumo. Moshi wake pia una sumu zinazosababisha saratani, na kupita kwenye maji hakuziondoi. Mtajie daktari.

Asiyewahi kuvuta, na mwenye dalili

Hapa nawaomba msome kwa makini, maana hapa eksirei inarudi.

Yote niliyosema juu ni kwa mtu asiye na dalili. Mtu mwenye dalili hasubiri barua wala hahesabu pakiti. Kikohozi kisichokwisha kwa wiki 3, kukohoa damu, pumzi kukatika, maumivu ya kifua, kupungua uzito bila sababu, sauti kukwaruza, uchovu usioisha: haya ni ya kwenda kwa daktari sasa. Uingereza mwongozo ni kwamba mtu wa miaka 40 au zaidi mwenye dalili mbili kati ya hizi zisizo na maelezo, au moja kama aliwahi kuvuta, apewe eksirei ya haraka, ndani ya wiki 2. Anayekohoa damu hupelekwa moja kwa moja kwa wataalamu.

Hapo eksirei inafanya kazi nzuri. Ni ya haraka, ni rahisi, ipo kila hospitali, na uvimbe unaoleta dalili mara nyingi umeshakuwa mkubwa wa kuonekana. Inaonyesha pia nimonia, maji, kifua kikuu, moyo uliopanuka. Lakini hata hapo, kwa mtu mmoja kati ya watano hivi mwenye saratani ya mapafu, picha inaweza kutoka safi.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne ambaye hajawahi kugusa sigara, alikohoa miezi 2. Kliniki ikampeleka eksirei, ikatoka safi, akapewa dawa ya pumu. Akaendelea kukohoa. Alirudi mara ya pili, akaambiwa picha ni safi. Mara ya tatu alikwenda na mumewe, wakakataa kuondoka bila kupelekwa mbele. Skani ya CT ilionyesha uvimbe nyuma ya moyo. Kameniruhusu niyaseme haya bila jina lake, na amenituma niwaambie kwamba picha safi haifuti kikohozi. Kama dalili ipo bado, rudi. Anaendelea na matibabu.

Nchini Marekani, kati ya asilimia 10 na 20 ya wagonjwa wa saratani ya mapafu hawakuwahi kuvuta. Wengine waliishi na moshi wa sigara za wenzao, wengine walipumua gesi ya radoni inayotoka ardhini chini ya nyumba, wengine hakuna anayejua. Watu hawa hawaitwi kwenye skani. Kinga yao ni kuyachukulia maanani mabadiliko ya mwili wao.

Na wa nyumbani je?

Tanzania na Kenya hazina mpango wa kitaifa wa kuwaita watu kwenye skani hii, na mzee anayekohoa hutafutiwa kwanza kifua kikuu, kwa sababu ndicho kilicho kingi. Hilo ni sahihi. Tatizo linakuja pale dawa za kifua kikuu zinapoanzishwa bila makohozi kuonyesha kitu, miezi inapita, mgonjwa hapati nafuu, na picha ya pili haipigwi. Ukiambiwa kwenye simu kwamba baba anatumia dawa za kifua na hali haibadiliki, uliza maswali mawili: makohozi yalionyesha nini, na je, anaweza kupata CT? Hapo ndipo pesa unayotuma inaweza kufanya kazi kubwa kuliko kununua shuka mpya.

Usimlipie mzee asiye na dalili eksirei ya kila mwaka ukidhani unamkinga na saratani. Wapo wanaofanya hivyo kwa mapenzi. Fedha hiyo mpe imsaidie kuacha sigara. Mtu akiacha, baada ya miaka 10 hadi 15 hatari yake ya saratani ya mapafu inashuka hadi nusu hivi ya anayeendelea. Hakuna mashine yetu, ya kivuli wala ya slesi, inayofikia hapo.

Kwa hiyo wiki hii, ukiwa na mzazi au mjomba wa umri huo, mwulize mambo matatu tu: alivuta kiasi gani na kwa miaka mingapi, GP anajua, na je, kuna barua yoyote ambayo hajaifungua. Ukiikuta, isome naye mpaka mwisho, kisha mpigieni namba iliyoandikwa chini yake mkiwa bado mmekaa pamoja.